Mtihani wa Rangi: Hupimwa Jicho la Rubani au Ulimi Wake?

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 19 aliketi mbele ya daktari jijini Nairobi na kufunuliwa kijitabu chenye kurasa zilizojaa madoadoa ya rangi. Alitakiwa asome tarakimu aliyoiona katika kila ukurasa. Kijana akasoma. Ukurasa wa kwanza alisema 12. Wa pili akasema 3. Mbele kidogo akasema 70, halafu 35, halafu 21. Hakusita wala hakubabaika, na alipofika mwisho alitabasamu akidhani kwamba mtihani ule mwepesi umekwisha salama. Daktari alikifunga kijitabu, akaandika maneno machache kwenye fomu, kisha akamweleza kwa upole kwamba pale aliposoma 3 palikuwa na 8, aliposoma 70 palikuwa na 29, na aliposoma 21 palikuwa na 74.

Hivyo ndivyo alivyokosa, siku ile, cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, ambacho kila mtu anayetaka kuendesha ndege kwa ujira sharti awe nacho. Aliambiwa ana upofu wa rangi. Jina lenyewe ni baya, kwani kijana si kipofu wa chochote: anasoma maandishi madogo kuliko mimi, na rangi anaziona tele, ila nyekundu na kijani humkaribiana mno. Lakini jina baya halikuwa msiba wake mkubwa. Mamake, ambaye ni dada yangu, alikuwa amekwisha kuuza kipande cha shamba na kulipa sehemu ya kwanza ya karo katika chuo kimoja cha urubani. Chuo hicho, ambacho sitakitaja, kilipokea fedha kwanza na kumtuma kijana kwa daktari baadaye.

Jamaa tulikutana Jumapili iliyofuata. Kama ilivyo desturi ya mikutano ya namna hiyo, kila mtu alikuja na nadharia yake. Mmoja alisema ni hila za matajiri wasiotaka mtoto wa mkulima apande angani. Mwingine alinong'ona habari za husuda. Hoja iliyopata wafuasi wengi ilitoka kwa kaka yangu mkubwa, naye alishikilia kwamba kijana ameangushwa na lugha. Sisi, alisema, hatukulelewa na majina ya rangi hizi zote. Mtahini anauliza kwa Kiingereza, mtoto anajibu kama alivyozoea nyumbani, basi anaandikwa kuwa haoni. Kisha wote wakanigeukia. Wewe ndiwe uliyesomea lugha hadi shahada ya uzamifu, wakaniambia. Tuandikie barua ya rufani.

Nakiri kwamba hoja ile ilinivutia. Mwanaisimu akiambiwa kwamba chanzo cha tatizo ni lugha, hufurahi kama fundi wa saa aliyeletewa saa iliyosimama.

Tena haikuwa hoja ya kubezwa. Chukua Kiswahili chetu. Mwalimu akiwataka wanafunzi wake wataje majina ya rangi ambayo ni vivumishi halisi vinavyochukua viambishi vya ngeli, watapata matatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema kitambaa cheupe, ng'ombe mweusi, maua mekundu. Rangi nyingine tumezikopa kwa vitu au kwa majirani. Kijani ni majani. Manjano ni kile kiungo kinachotiwa katika mchuzi. Kijivu ni jivu la jikoni, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda linalowachafua watoto ndimi. Samawati imetoka kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni mbingu. Buluu imetoka kwa Waingereza. Katika Kigikuyu, lugha niliyonyonya nayo maziwa ya mama, mambo ni yayo hayo: tuna -iru, -eru na -tune, yaani nyeusi, nyeupe na nyekundu, halafu mtu huanza kutafuta majani na majivu ya kulinganishia.

Hili si jambo la Waafrika peke yao. Mwaka wa 1969, Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kuhusu maneno ya msingi ya rangi. Walizichunguza lugha 20 kwa karibu, Kiswahili kikiwemo, na wakadai kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya rangi huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kijani na manjano hufuata, na buluu huja baada ya hizo. Madai yao yamekosolewa na kurekebishwa mara nyingi, hata na wao wenyewe, lakini mpangilio ule kwa jumla umesimama. Zaidi ya miaka 100 kabla yao, mnamo 1858, William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliandika kuhusu mashairi ya Homer na kustaajabia uchache wa maneno ya rangi ndani yake. Akahitimisha kwamba macho ya Wayunani wa kale hayakuwa yamekomaa kuziona rangi. Huo ndio upotovu ninaowatahadharisha wanafunzi wangu kila mwaka. Gladstone alilipima jicho kwa kuhesabu maneno. Mtu asiye na neno la rangi fulani aweza kuiona barabara, sawasawa na yule anayeitambua sauti ya kila mjukuu wake gizani ingawa hakuna lugha yenye majina ya sauti hizo.

Basi nikayapanga haya yote kichwani, nikanoa kalamu, na kabla ya kuandika nikaenda kwa daktari kuomba nionyeshwe kijitabu chenyewe. Barua yangu ilifia pale pale mezani.

Kijitabu kile kilibuniwa na Shinobu Ishihara, daktari wa macho wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliyekuwa ameombwa atafute njia ya kuwapima watu waliokuwa wakiingia jeshini. Kilichapishwa mwaka wa 1917 na hadi leo ndicho kinachotumiwa kuliko vingine vyote duniani. Ukikichunguza utaona ustadi wake. Madoa yake ni makubwa kwa madogo, mengine yamekoza na mengine yamepauka, ili mtu asiweze kuitambua tarakimu kwa mwanga au kwa kivuli. Kinachoitenga tarakimu na mandhari yake ni rangi peke yake. Katika kurasa kadhaa madoa yamepangwa kwa werevu hata jicho la kawaida likaona tarakimu moja, na jicho lisilotenga nyekundu na kijani likaona nyingine. Ndiyo sababu mpwa wangu alisoma bila kigugumizi: kwake yeye, 21 ilikuwapo kweli. Kuna hata kurasa ambazo sisi wenye macho ya kawaida hatuoni kitu, na yeye akaona. Na kwa wasiojua kusoma tarakimu, mna kurasa zenye njia iliyopindapinda ambayo mtu huifuata kwa kidole au kwa brashi.

Hamna mahali hata pamoja anapoulizwa jina la rangi. Haidhuru mtahiniwa ametoka Nyeri, Lamu au Tokyo. Na labda si sadfa kwamba aliyekitunga alikuwa Mjapani. Katika lugha yake neno la kale 'ao' lilikusanya buluu na sehemu kubwa ya kijani, na hata leo taa ya barabarani inayoruhusu magari kwenda, ambayo mimi na wewe twaiita ya kijani, Wajapani huiita 'ao'. Macho yao hayana kasoro kwa hilo. Mtu aliyekulia katika lugha kama hiyo hana budi kujua kwamba kuuliza jina la rangi ni kuuliza mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kaka yangu alikosea, nami pamoja naye. Ulimi wa kijana haukuwa na hatia. Kilichoshindwa ni jicho.

Ndipo nilipomkumbuka marehemu baba. Alikuwa mkulima wa kahawa, na kila anayeijua kahawa anajua kwamba buni huchumwa zikiwa nyekundu. Mbichi za kijani zikichanganyika humo, hutupwa kando kiwandani kabla ya kupimwa. Kikapu cha baba kilikuwa na mbichi nyingi kuliko cha mtoto yeyote shambani. Mama alikuwa akimkemea kwamba ana haraka. Hakuwa na haraka. Namkumbuka akiibonyeza buni moja moja kwa kidole gumba kabla ya kuichuma, akitafuta ulaini ambao rangi haikumwambia. Na hata siku moja sikumsikia akikosea kutaja rangi. Damu aliiita nyekundu na nyasi akaziita za rangi ya majani kama watu wote. Lugha ilikuwa imemfundisha kipi huitwaje, na jina la kijani, kama tulivyoona, limekwisha kubeba majani ndani yake. Mtu aweza kulitumia maisha yake yote asijue kwamba haoni wanachokiona wenzake.

Sayansi ya urithi inaafiki. Ndani ya jicho mna seli zenye umbo la pia, za aina tatu, na kila aina huitikia zaidi sehemu yake ya mwanga. Maelekezo ya kutengeneza aina mbili kati ya hizo, zinazotusaidia kutenga nyekundu na kijani, yamo katika kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mamake. Ikiwa na kasoro hana ya akiba. Mwanamke ana mbili. Mimi nilipewa na baba kromosomu yake ya Y, kwa hiyo kasoro yake haikunifikia. Dada yangu alipewa ile X, akaibeba bila dalili, akampa mwanawe. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, hali hii humpata takriban mtu 1 katika kila 12, na kati ya wanawake mmoja katika 200. Uchunguzi uliofanywa barani Afrika kwa jumla umeonyesha viwango vya chini ya hivyo, lakini si vya kupuuzwa. Mwalimu mwenye darasa la wavulana 40 huenda anaye mmoja.

Baba hakuwa wa kwanza kuishi hivyo. John Dalton, yule yule mwenye nadharia ya atomu ambayo wanafunzi wa kemia huisoma, alikuwa mtu mzima alipogundua kwamba ua ambalo wenzake walisema ni la waridi yeye aliliona kama la samawati mchana, na likabadilika kabisa chini ya mshumaa. Alisoma makala kuhusu macho yake huko Manchester mwaka wa 1794. Aliamini kwamba ute ulio ndani ya jicho lake ulikuwa na rangi ya buluu, na akaagiza macho yake yapasuliwe akifa. Alifariki mwaka wa 1844. Yakapasuliwa, na ute ukaonekana mweupe kama maji. Mabaki yalihifadhiwa, na mwaka wa 1995 wanasayansi waliyachunguza kwa DNA wakapata jeni iliyokosekana. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kumjibu Dalton, na jibu lilikuwa kwamba ute hauhusiki.

Turejee kwa wanaosafirisha watu. Usiku wa tarehe 15 Novemba 1875, magari mawili ya moshi yaligongana huko Lagerlunda, nchini Uswidi, na watu 9 wakapoteza maisha. Frithiof Holmgren, profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Uppsala, alishuku kwamba huenda mmoja wa wafanyakazi alishindwa kuitambua taa ya ishara. Wanahistoria wa sayansi wa siku hizi wanalitilia shaka jambo hilo, nami naona wana haki, kwani ushahidi wenyewe ni mwembamba. Lakini shuku ile ilizaa matunda. Mwaka uliofuata Holmgren aliwapima wafanyakazi 266 wa njia ya reli ya kutoka Uppsala hadi Gävle, akawapata 13 wenye kasoro ya rangi.

Chombo chake kilikuwa vifundo vya nyuzi za sufu. Humpa mtu kifundo cha kijani iliyopauka na kumwambia achague katika rundo vyote vinavyofanana nacho. Asiyeona tofauti huchanganya kijani na kijivu na rangi ya udongo. Holmgren alisisitiza kwamba mtu asiulizwe majina. Alikuwa ameng'amua kwamba jina lamdanganya mtahini pande mbili: mwenye jicho zima aweza kukosa neno, na mwenye jicho lenye kasoro aweza kuwa na maneno yote. Baba yangu angefaulu mtihani wa majina.

Sasa, je, rangi zina haja gani angani? Wako wanaosema kwamba ndege za leo zina kompyuta kila mahali, na masharti haya ni masalia ya zama za kandili. Sikubaliani nao. Msomaji aliyewahi kusafiri usiku huenda aliona bawa la kushoto la ndege lina taa nyekundu na la kulia lina taa ya kijani. Kwa taa hizo rubani hujua ndege nyingine inamjia au inamwacha. Njia ya kutulia huanza kwa taa za kijani, ikaisha kwa taa nyekundu. Kingo za njia ndogo za kupitia ndege zikiwa chini zina taa za buluu. Redio ikifa, mnara wa kuongozea ndege humulika: kijani isiyomemeteka ni ruhusa ya kutua; nyekundu isiyomemeteka, wapishe wenzako uendelee kuzunguka; nyekundu ya kumemeteka, kiwanja si salama, usitue. Na kando ya njia ya kutulia mna taa nne zilizopangwa mstari mmoja ambazo humwonyesha rubani kama anashuka kwa mwinamo unaofaa. Nyeupe mbili na nyekundu mbili, yuko sawa. Nne nyeupe, yuko juu mno. Nne nyekundu, yuko chini mno, na kilicho chini ni ardhi.

Tarehe 26 Julai 2002, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo aina ya Boeing 727 ya kampuni ya FedEx ilikuwa ikishuka Tallahassee, katika jimbo la Florida, Marekani. Zile taa nne zilikuwa zikiwaka sawasawa, na zilikuwa zimewageukia kuwa nyekundu. Ndege iliivamia miti kabla ya kufikia kiwanja, ikaanguka na kuteketea. Watu watatu waliokuwamo walijeruhiwa vibaya lakini wakanusurika. Usukani ulikuwa mikononi mwa rubani msaidizi, na uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na kasoro kubwa ya kutenga rangi. Wachunguzi hawakumtwika yeye peke yake lawama, na ni haki: wenzake wawili wenye macho ya kawaida nao hawakuonya, na uchovu wa safari za usiku ulikuwamo katika sababu zilizotajwa. Lakini kasoro ya jicho lake iliandikwa pia miongoni mwa sababu hizo.

Swali linalonisumbua mimi ni jingine. Mtu huyo alikuwa na cheti. Aliwahi kushindwa na vijitabu vya madoa, kisha akapewa mtihani mwingine wa taa, akaufaulu, na kwa ufaulu huo akaruhusiwa kuruka.

Hapa ndipo ulimi unapoingia tena kwa mlango wa nyuma. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lenye makao yake Montreal, limeweka masharti ya leseni katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Nchi wanachama, Kenya ikiwa mojawapo, hujenga kanuni zao juu ya masharti hayo. Yanasema kwamba rubani sharti aweze kuzitambua bila taabu rangi ambazo kazi yake inazihitaji. Anayeshindwa na kurasa za madoa hafungiwi mlango moja kwa moja. Aweza kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba anazitambua sawasawa taa zinazotumika angani. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa kandili: chumba chenye giza, vitone vya mwanga vyekundu, vya kijani au vyeupe, na mtahiniwa anataja jina la kila kimoja. Rangi zilizomo ni tatu, na mwenye kasoro aliyezoea kuishi kwa kukisia hujifunza kwamba kinachong'aa sana ni nyeupe na kilichofifia ni nyekundu. Akibahatisha vyema, ulimi wake unalifunika jicho.

Kinyume chake chawezekana pia. Nimewasikia wanafunzi wangu wa chuo kikuu, wenye macho mazima, wakibishana kama shati la mwenzao ni la samawati au la kijani. Mweke mmoja wao gizani, mwonyeshe kijani ya taa, ambayo kwa kweli huelekea ubuluu, mpe sekunde chache na wasiwasi wa karo iliyolipwa, na huenda akaita jina lisilotakiwa. Mtahini mwenye busara humwonyesha kwanza kila rangi kwa karibu na wakaafikiana jina lake. Nitajibiwa kwamba rubani hana budi kuzungumza na mnara kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ni sehemu ya kazi. Ni kweli. Lakini majina matatu hufundishwa kwa alasiri moja, na jicho halifundishiki. Mambo mawili yanayotibiwa kwa njia mbili tofauti hayafai kupimwa kwa swali moja.

Nchini Australia, mjadala huu ulifika mahakamani, au tuseme katika baraza la rufani. Arthur Pape, daktari ambaye mwenyewe ana upofu wa rangi na ni rubani, aliwatetea wenzake miaka ya 1980, na katika kesi ya Denison ya mwaka wa 1989 baraza liliamua kwamba marubani wenye kasoro hiyo waruhusiwe kuruka usiku. Hoja ilikuwa kwamba rangi ni nadra kuwa chanzo pekee cha habari anayoitegemea rubani. Sheria za nchi nyingine hazikufuata njia hiyo. Mimi, baada ya Tallahassee, naona baraza lile lilikuwa jasiri kupita kiasi. Lakini lililazimisha swali jema liulizwe: kiasi gani cha kasoro ndicho hatari?

Jibu limeanza kupatikana. Katika Chuo Kikuu cha City, London, watafiti walioshirikiana na mamlaka ya anga ya Uingereza walitengeneza mtihani wa kompyuta. Mtahiniwa hutazama skrini yenye vijiraba vya kijivu vinavyomemeteka. Kiraba cha rangi hafifu hupita katikati yao, naye hubonyeza kitufe kuonyesha kimeelekea pembe ipi. Hapana tarakimu wala jina la rangi wala nafasi ya kukariri. Mwishowe kompyuta hutoa kipimo cha kasoro, badala ya neno 'amefaulu' au 'ameshindwa'. Ripoti yao ya mwaka wa 2009 ilionyesha kwamba takriban asilimia 35 ya wenye kasoro wangeweza kuzisoma zile taa nne sawa na watu wa kawaida. Hao ndio waliokuwa wakizuiwa bure. Waliobaki walizuiwa kwa haki. Marekani nayo, kuanzia tarehe 1 Januari 2025, inawataka waombaji wapya wapimwe kwa mitihani ya kompyuta. Holmgren angetabasamu: mtihani wa kisasa umerudi kwenye nyuzi zake za sufu.

Ningependa mitambo ya namna hii iwe mwanzo wa safari ya kila kijana anayeshindwa na kurasa za madoa hapa kwetu, na kwa bei ambayo mzazi wa kawaida ataimudu. Na ningependa chuo chochote cha urubani kisipokee hata shilingi ya karo kabla ya mwanafunzi kuleta cheti cha afya. Hilo halihitaji mtambo wowote.

Walimu nao wana sehemu yao, tena kubwa. Mpwa wangu alipitia miaka 12 ya shule na hakuna aliyegundua. Akiwa darasa la pili alichapwa kwa kupaka majani ya mti rangi ya kahawia. Katika sekondari alizipenda hesabu na fizikia, akaichukia kemia, nasi tukamwita mvivu. Leo nayakumbuka yale majaribio ya maabara: mvuke huu ni wa rangi gani, mashapo haya ni ya kijani au ya kahawia, ndimu ya asidi ikidondoshwa kioevu kimegeuka saa ngapi. Alikuwa akimchungulia jirani yake si kwa sababu ya uvivu. Katika jiografia, ramani ina mistari ya kahawia juu ya misitu ya kijani, na mwalimu anashangaa kwamba mtoto mwerevu haoni mlima. Kurasa za madoa zaweza kusomwa katika dakika tano, mchana, karibu na dirisha. Tahadhari ni kwamba chini ya balbu ya manjano hudanganya, na kijitabu kilichopauka kwa jua hakifai. Mtoto akijulikana mapema, mwalimu atamwandikia majina ya rangi pembeni mwa ramani, na mzazi hatauza shamba kabla ya kuuliza.

Mwezi ujao kijana atapimwa tena, safari hii kwa kompyuta. Daktari hakutuahidi lolote. Dada yangu anakaa Mlolongo, na jioni mpwa wangu hupanda darini pamoja na dadake mdogo kuzitazama ndege zinazoshuka kuelekea Uwanja wa Jomo Kenyatta. Yeye hutaja taa ya kila bawa, na msichana humwambia kama ni kweli. Nilipomuuliza kijana, alisema siku hizi anaziona vizuri. Nilipomuuliza msichana, alitazama chini, akasema kwamba ndege zinapokuwa karibu hakosei sana.

Karo haijarejeshwa.